Amerikani Ndani ya Dainamo

Kabla hujamwambia mtu akanunue betri mpya, funga mdomo kwanza, kisha fungua boneti. Hilo ndilo neno la kwanza ninalowaachia ninyi vijana mnaoshika spana leo hapa Tabora, na kama mtachoka kunisikiliza hapo hapo, basi angalau mmeokoa betri moja. Mimi naitwa Kalunde, lakini mtaa wetu mzima wa Ng'ambo wananijua kwa jina la Mama Chaji. Nimekuwa fundi umeme wa magari tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Karakana niliifunga mwaka jana, baada ya macho kuanza kunionyesha waya mmoja kama mbili.

Nawaona mnavyofanya kazi, na wakati mwingine napita upande wa pili wa barabara ili nisije nikagombana na mtu. Gari limekataa kuwaka, mnasema betri. Mnaweka betri. Siku ya tatu limekataa tena, mnasema betri ni feki. Mnaweka nyingine! Jamani, betri ni mtungi tu. Mtungi ukikutwa mkavu kila asubuhi hutukani mtungi, unamuuliza anayeleta maji. Na anayeleta maji kwenye gari ni altaneta, na kwenye magari ya zamani ni dainamo. Pima betri gari likiwa limezimwa, uandike. Liwashe, lipige resi kidogo, pima tena. Namba ikipanda mpaka karibu na volti kumi na nne, maji yanaletwa. Ikibaki pale pale, acha kuonea betri.

Kazi hii sikuisomea popote. Nilikuwa msusi. Nilikuwa nasuka nywele kwenye baraza iliyotazamana na karakana ya Mzee Laurenti, mtu mrefu mpole aliyekuja kutoka Burundi na kukaa Ulyankulu na familia yake. Wiki nzima alikuwa mjini akitengeneza dainamo na stata za kuwashia injini, Jumamosi anapanda lori kurudi kwake ili Jumapili asikose misa. Siku moja alivuka barabara akasimama kutazama vidole vyangu hadi mteja wangu akaona haya.

"Binti," akasema, "vidole hivyo vinaweza kusuka shaba?"

"Mimi nasuka vichwa, Mzee."

"Shaba ni afadhali. Hailalamiki kwamba umeivuta."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Wakati huo hakukuwa na msichana hata mmoja katika karakana za mji huu, na watu walikuja kunichungulia kana kwamba mimi ni mnyama aliyefungwa kamba shingoni. Mzee Laurenti alikuwa akiwaambia, "Huyu hunishikia taa." Alimaanisha taa ya kupimia, ile balbu ndogo yenye waya mbili. Ilikuwa kweli kwa miezi kama mitatu. Baada ya hapo nilikuwa nafungua, nasafisha, nasuka koili za waya wa shaba, na bado kwa wateja nilikuwa mshika taa. Sikupenda, lakini nilielewa.

Alinifundisha kugusa dainamo kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja. Kiganja cha fundi, alisema, kimeshakuwa gome, lakini mgongo wa mkono bado ni ngozi ya mtoto, unasikia joto mapema. Mkisafiri na gari mkasimama, gusa hivyo: ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uruke, kuna ugonjwa humo. Kwa altaneta alinipa jaribio jingine. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha sogeza bisibisi karibu na puli, lile gurudumu linalovutwa na mkanda. Ikivutwa, sumaku inapata umeme. Isipovutwa hata kidogo, usihangaike na betri wala mkanda, anza na kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na reguleta inayoongoza chaji. Bisibisi haina betri ya kuisha, wala haiombi uiwekee programu.

Na kulikuwa na uzi mwekundu. Huu nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Magari mengi, ya zamani na ya sasa, hasi ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Lakini yapo magari ya Kiingereza ya zamani yaliyozaliwa kinyume, chanya ndiyo inayoshika bodi. Si kosa, ndivyo yalivyo. Mzee Laurenti alikuwa akifunga uzi mwekundu kwenye waya wa bodi wa kila gari la namna hiyo, ili mkono wowote utakaofuata ujue. "Ukiona uzi," aliniambia, "usiguse kitu bila mimi."

Gari moja la namna hiyo lilikuwa la Mzee Nassor, Mwarabu wetu mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye babu zake walikuja na misafara wakaoa hapa na kuzikwa hapa. Gari lilikuwa jeupe, refu, lenye viti vyekundu, na kila bibi harusi wa ukoo ule alipanda hilo na si jingine. Duka lake ndilo lililokuwa likituuzia amerikani, kile kitambaa kizito cha pamba kisichopakwa rangi. Utepe wa kufungia koili ulikuwa adimu, kwa hiyo Mzee Laurenti alikata amerikani vipande vyembamba, akazungushia waya, akachovya kwenye vanishi na kuanika. Haikuwahi kumwangusha.

Ikafika harusi ya Zuhura, binti pekee wa Mzee Nassor, aliyekuwa anaolewa Kigwa, nje ya mji. Dereva akaleta gari lisafishiwe betri, akamwachia Mzee Laurenti. Jioni hiyo hiyo Mzee akaitwa Ulyankulu kwenye msiba. Nilikuwa na miaka mitatu au minne ya kazi, yaani ule umri ambao fundi anajua kila kitu. Nikatoa betri, nikaiosha, nikaijaza maji yake. Wakati wa kuirudisha nikatazama vizuri na kushtuka: chanya imefungwa kwenye bodi! Nikasema moyoni, mjinga gani huyu aliyegeuza betri? Ule uzi ulikuwa umegeuka mweusi kwa grisi. Niliukata kwa wembe nikidhani ni uchafu.

Gari lenyewe lilinikatalia, wanangu. Kichwa cha chanya cha betri ni kinene kuliko cha hasi, kwa hiyo nilipogeuza, kishikio kimoja kilipwaya na kingine hakikuingia. Hapo mtu mwenye akili angesimama. Mimi nilichukua nyundo kwa huku, na kipande cha bati la kopo kwa kule. Likawaka mara moja, maana stata haijali upande. Nilipopiga resi taa nyekundu ya chaji ikazidi kung'aa badala ya kufifia, na mimi nikafurahi kwamba balbu ni nzima. Nikimkumbuka yule msichana natamani nimzabe kibao.

Dainamo ina kumbukumbu. Chuma chake hushika upande kilichozoea kutolea umeme. Ukigeuza betri bila kuigeuza na dainamo, wawili hao wanaanza kupigana badala ya kusaidiana, na uwanja wao wa vita ni kile kisanduku kidogo cha reguleta. Wakati msafara unazunguka mjini polepole, kwa ngoma na vigelegele, hakuna kilichotokea. Walipotoka mjini na kufika kwenye kivuko cha reli, dereva akaongeza mwendo. Moshi ukatoka chini ya boneti, ukaingia ndani, na bibi harusi akatolewa kupitia dirisha na hina zake mikononi. Lililopita njia ile kwa bahati lilikuwa lori la tumbaku. Zuhura alifika kwa wakwe zake amekaa juu ya marobota ya tumbaku, akapiga chafya mbele ya mama mkwe mpaka watu wakaacha kuzihesabu. Wakamwita Bi Harusi wa Tumbaku, na jina hilo halikumtoka tena.

Mzee Nassor alikuja kesho yake, gari likivutwa nyuma yake. Mzee Laurenti naye alikuwa ameshuka tu kwenye lori, vumbi bado liko kwenye nyusi. Alifungua boneti, akaona bati langu la kopo, akaona mahali uzi ulipokatwa. Akanitazama mara moja tu. Nikafungua mdomo niseme, naye akanikanyaga mguu kwa nguvu hadi machozi yakanitoka.

"Kosa ni langu, Mzee Nassor," akasema. "Niliifunga mimi kabla sijaondoka. Huyu msichana hunishikia taa tu."

"Umemwaibisha binti yangu," Mzee Nassor akasema. "Wallahi Laurenti, nitalipokea gari langu likipona, lakini mguu wako usikanyage tena dukani kwangu, wala salamu yako siitaki."

Alipoondoka nilimuuliza Mzee Laurenti kwa nini. Alikuwa anafungua dainamo iliyoungua, hakuinua kichwa. "Mimi nikikosea wanasema Laurenti amekosea," akasema. "Wewe ukikosea watasema wanawake hawawezi, na kesho hakuna atakayekuletea hata tochi. Haya, leta amerikani."

Amerikani ilikuwa imekwisha. Na ya kununua ilikuwa katika duka moja tu, la Mzee Nassor.

Kwa hiyo nilikwenda mimi, siku ile na miaka yote iliyofuata. Mzee Nassor alinipenda. Aliniwekea kiti, akanipa kahawa na kipande cha halua, akanipimia kitambaa kwa mkono mrefu kuliko wa haki, na wakati wote huo alikuwa akimsema Mzee Laurenti: mzembe, mjuaji, mtu wa kuharibia watu siku zao. "Wewe binti una adabu," alikuwa akiniambia, "usijifunze uzembe wake." Nami nilikunywa kahawa ile. Niliinywa ya moto na machungu yake yote, nikasema asante, nikarudi na kitambaa. Mara ngapi nilisema leo namwambia! Mzee Nassor akafariki sijamwambia. Mzee Laurenti alisimama upande wa pili wa barabara jeneza likipita, kofia mkononi, kwa sababu alikuwa amekatazwa kukaribia.

Baadaye mikono yake ikaanza kutetemeka, akanikabidhi karakana na kurudi Ulyankulu kulima maharage. Magari nayo yakabadilika, yakaja ya altaneta yenye reguleta ndani kwa ndani, unaibadilisha yote kama soli ya kiatu. Sina ugomvi nayo. Niliyabadilisha mengi na nikala kwayo.

Sasa, miezi michache kabla sijafunga karakana, lile gari jeupe likaingia likivutwa kwa kamba na bajaji. Kutoka kiti cha nyuma akashuka Bi Zuhura, mwanamke mzima sasa, miwani usoni, duka la baba yake ndilo analoliendesha. Mtoto wake wa mwisho anaolewa, na anaolewa Kigwa.

"Mama Chaji," akasema, "vijana wamelibadilishia betri mara tatu. Wa mwisho ameniambia niweke altaneta ya kisasa. Mimi nalitaka kama alivyoliacha baba. Mwanangu asije akafika kama nilivyofika mimi."

Nikamwahidi. Nikaichaji betri, nikaipima: nzima. Mkanda ulikuwa umechanikachanika, nikauondoa na kuweka wa kujaribia. Nikatoa waya mbili za dainamo, nikaunganisha vichwa vyake viwili kwa kipande kifupi cha waya, nikaweka taa ya kupimia kati ya hapo na bodi, nikapiga resi taratibu. Kipimo hiki ni rahisi: taa ikiwaka, dainamo ni nzima na mgonjwa ni reguleta. Taa haikuwaka hata kidogo. Nikaishusha dainamo.

Kaboni zilikuwa zimelika mpaka springi zinakwaruza shaba. Bushi ya nyuma, ile pete inayobeba shafti, imelika ikawa na umbo la yai. Nilipoinua koili mwangani nikaona kile nilichokuwa nimesahau kwamba nitakiona: vipande vya amerikani, vimekuwa rangi ya asali kwa vanishi, vimefungwa kwa mkono wake mvumilivu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Miaka yote hiyo na hakuna uliolegea. Nilikaa chini. Nilijua kwamba nikiifunga dainamo ile bila kusema, sitasema tena mpaka kaburini, na Mzee Laurenti atakufa akiitwa mzembe katika nyumba ile.

Nikampigia Bi Zuhura aje.

"Imekufa?" akauliza mlangoni.

"Itapona. Nimekuitia jambo langu mimi." Nikamwonyesha kitambaa, nikamweleza yote, uzi, bati la kopo, mguu uliokanyagwa, na kahawa ya baba yake.

Akavua miwani. "Kwa hiyo nimeitwa Bi Harusi wa Tumbaku maisha yangu yote kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu."

"Na baba akafa hamsalimii mtu asiye na kosa. Na wewe unakuja dukani unakula halua."

Akaondoka bila kuaga, na Bi Zuhura si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Siku mbili nilifanya kazi kwa kuwa sikujua la kufanya jingine. Nikaweka kaboni mpya, nikazikalisha kwa msasa ili zikae vizuri kwenye mviringo. Nikapiga bushi mpya niliyoilaza kwenye oili usiku kucha. Nikachimba vijia kati ya vipande vya shaba kwa kisu cha msumeno wa chuma, nikasafisha ncha za reguleta, nikafunga mkanda mpya. Koili sikuigusa. Mwisho nikaiamsha dainamo: kabla ya kuwasha, unagusisha waya kutoka upande wa betri usioshika bodi kwenye kichwa kidogo cha dainamo, mara moja, mpaka uone cheche. Mzee Laurenti aliita kazi hiyo kuikumbusha upande wake. Na kwenye waya wa bodi nikafunga uzi mwekundu, mwingi, hata kipofu angeuona.

Siku ya tatu Bi Zuhura akarudi. Kwapani ameshika jora zima la amerikani.

"Gari tayari?"

"Bado kujaribiwa safari ndefu."

"Yule mzee yuko hai?"

"Yuko, Ulyankulu."

"Basi tulijaribu huko. Likizima njiani utasukuma wewe."

Halikuzima. Njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye ile taa nyekundu. Tulimkuta Mzee Laurenti uani akipepeta maharage. Akalitambua gari kabla hajatutambua sisi. Bi Zuhura akamwendea, akapiga goti kwenye vumbi na baibui lake.

"Shikamoo, Mzee. Mimi binti Nassor. Kalunde ameniambia. Baba hayupo, nimekuja kwa niaba yake. Utusamehe."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, inuka." Alipokea lile jora akalishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. "Baba yako hakunikosea. Alikuwa na binti wa kumgombania, akamgombania." Akanielekezea kidevu. "Na mimi nilikuwa na wangu."

Nililia, sitawaficha. Yeye akaniacha nilie, akaenda kwenye gari, akafungua boneti, akaweka mgongo wa mkono unaotetemeka juu ya dainamo. Akasikiliza. Kisha akabonyeza mkanda kwa kidole gumba.

"Kalunde! Mkanda umeukaza mno. Utakula bushi hii kabla ya mvua. Lete spana."

Alisema kweli. Mkanda uingie kama upana wa kidole ukiubonyeza, si kama kamba ya kitanda. Nilikuwa nimeukaza kwa woga. Nikaulegeza mbele yake, na Bi Zuhura akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Siku ya harusi Bi Zuhura aliagiza Mzee Laurenti aletwe, akamkalisha mbele kando ya dereva. Mimi nilikaa nyuma na mama mtu, bibi harusi katikati yetu. Tulipokikaribia kivuko cha reli vigelegele vya gari letu vikakatika vyenyewe. Bi Zuhura alinishika mkono akaubana, midomo ikisoma dua. Dereva akaongeza mwendo. Tukavuka. Taa nyekundu ilibaki imezimika, na Mzee Laurenti, bila kugeuka, akainua kidole gumba juu tukione.

Kigwa walitupokea kwa ngoma. Wazee wa upande wa bwana harusi wakalizunguka gari, mmoja wao aliyekumbuka lile lori la tumbaku akamshika mkono Mzee Laurenti. "Hongera, fundi! Gari la miaka hii yote, umelifufua!"

Mzee Laurenti akautoa mkono wake taratibu, akanitafuta kwa macho kati ya wanawake, akaniita nisogee mbele ya watu wote.

"Fundi ni huyu," akasema. "Safari hii mimi nilimshikia taa tu."